Kiraka Nilichomficha Fundi Kimani

Nakumbuka Jumamosi moja pale Kabiria, mwanangu, na kila nikiikumbuka hasira hunipanda kana kwamba mambo yale yametokea leo asubuhi. Usiogope, sijakukasirikia wewe. Namkasirikia kijana mmoja aliyekuwa na pikipiki nyekundu, mdomo mwingi, na dada mvumilivu kupita kiasi. Kijana huyo ni mimi.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Nilikuwa nimetoka kwetu magharibi nikaja kuishi na dada yangu Nekesa, aliyeshona sare za shule kwa cherehani moja katika chumba tulichopanga. Mimi nilibeba abiria. Pale steji, tulipongojea abiria, nilikuwa nimetangaza kwamba pikipiki yangu haitaguswa na fundi yeyote. Wenzangu walicheka, nami nikajiona mtu mkubwa. Unajua jinsi sifa za steji zinavyolevya.

Tairi la mbele lilipoisha, Jumamosi hiyo nikalibadilisha mwenyewe mlangoni, wenzangu wawili wakitazama. Hapo sijilaumu, kwa maana kubadilisha tairi nyumbani si kosa. Ila sikuwa na vile vyuma bapa vya kubandulia tairi, vyenye ncha za mviringo, na nilikuwa na kiburi cha kutoviazima. Nikatumia bisibisi. Ikapenya, ikatoboa tyubu mpya. Niliisikia kabisa ikipenya. Nikajifanya nimechoka, nikasubiri wale wawili waondoke, kisha nikabandika kiraka mbiombio bila hata kuusugua mpira vizuri, nikafunga.

Jumatatu usukani ukawa unatetemeka mikononi mwangu. Gurudumu lilikuwa na upande mmoja mzito. Hapo ndipo nilipokimbilia kwa Fundi Kimani, mzee aliyekuwa na gereji ndogo Riruta.

"Hii tairi nani aliweka?" akaniuliza, akipapasa ukingo wake.

"Ni watu wa duka, fundi. Waliniwekea huko huko."

"Una uhakika? Ama nifungue niangalie ndani?"

"Ya nini, mzee? Wewe nisawazishie tu, niko na haraka."

Sikia jibu hilo! Hapakuwa na mtu mwingine pale. Mzee alinifungulia mlango wa kusema ukweli, nami nikaufunga kwa sababu ya haya tu. Akaniamini. Akalisawazisha lile gurudumu, likazunguka kimya, usukani ukatulia. Na kwa kuwa usukani umetulia, nikasahau kiraka.

Ijumaa nilimbeba Nekesa kwenda Muthangari kupeleka sare kwa mteja. Tukiwa kwenye mteremko kiraka kikaachia, tairi la mbele likaisha upepo, pikipiki ikayumba tukaanguka. Mimi nilichubuka goti. Nekesa alitanguliza mkono wa kulia, ukavunjika kwenye kifundo. Mkono wa mkasi, mwanangu. Mkono ulionilisha tangu nifike Nairobi.

Sasa ngoja nikueleze linalonichemsha hata zaidi ya ile ajali. Wenzangu wa steji walipouliza ilikuwaje, nilijibu, "Nilitoka kwa Kimani juzi tu." Basi. Neno lenyewe lilikuwa la kweli. Yaliyosalia walijaza wenyewe, na kufikia Jumapili hakuna mtu wa boda aliyekuwa anataka kupitisha gurudumu lake mbele ya mlango wa yule mzee.

Jumapili hiyo, baada ya kanisa, Kimani akaja kwetu akiwa na suti yake na vyuma vyake. Hakugombana na mtu. Aliomba tu alifungue lile gurudumu uani, mbele ya Nekesa aliyekuwa ameketi na plasta yake, na majirani wakasogea. Akaivuta tyubu nje.

"Hiki ni nini?"

Nikainama kulitazama goti langu lililochubuka.

"Nakuuliza wewe. Hiki ni nini?"

"Kiraka."

"Nani aliweka?"

"Mimi."

Mzee akaitupa tyubu miguuni pangu. "Kufungua tairi sikukatazi! Hata mimi nilijifunzia mlangoni kwa mama yangu, nikaharibu mbili. Lakini nilikuuliza. Ukaniangalia hapa machoni, ukasema duka! Ungesema tu, 'Fundi, nimeharibu,' ningekucheka kidogo, nikuwekee tyubu ingine, na huyu dada yako leo angekuwa anashona."

Nilidhani Nekesa atanitetea. Alikuwa akinitetea siku zote.

"Wafula," alisema, "mimi jana nimemtaja huyu mzee kwa ubaya. Kwa maombi, Wafula! Nimepiga magoti na hii plasta nikamwambia Mungu amlipe. Na wewe ulikuwa hapo kando yangu, ukasema amina."

Ni kweli. Nilikuwa nimesema amina.

"Simama," akasema. "Twende steji."

Alitangulia yeye, mkono ukining'inia shingoni, mimi na Kimani tukifuata. Nikasema yote mbele ya wote: bisibisi, kiraka, uongo. Mmoja akaniuliza kama ile bisibisi ilitoka gereji au jikoni kwa dada. Walicheka mpaka machozi, nami nikasimama nikamaliza. Kazi ya Kimani ilirudi polepole. Kifundo cha Nekesa hakikurudi sawa. Hadi leo akishika mkasi kwa muda, huuweka chini, akaukunjua mkono taratibu, kisha akauchukua tena.

Kwa hiyo nisikilize, mwanangu, na nivumilie nikipaza sauti. Ukitaka kubadilisha tairi nyumbani, badilisha, unaweza kabisa. Toa upepo wote. Paka ukingo maji ya sabuni, tumia vyuma vyenye ncha za mviringo, ubandue kidogo kidogo. Tyubu itie upepo mdogo kabla ya kuiingiza ili isijikunje ikabanwa. Tazama mshale ubavuni mwa tairi uelekee mbele. Kisha pitisha ekseli, ule mhimili wa katikati, uegemeze ncha zake juu ya stuli mbili, ulizungushe gurudumu taratibu. Upande mzito utashuka wenyewe; funga kipande kidogo cha madini ya risasi kwenye spoki iliyo mkabala nao, ujaribu tena, hadi gurudumu likubali kusimama popote. Siku moja utanisifu.

Lakini ukikwama, nenda gereji, na ukifika gereji sema kila ulichokigusa. Fundi husawazisha anachokiona; ulichomficha kitabaki mle ndani kikizunguka nawe. Na ukiona mwingine anabebeshwa kosa lako, usingoje aje kwenu na suti ya kanisa kulitafuta. Nenda wewe, siku hiyo hiyo, hata kama watu watacheka. Kucheka kwao kutaisha.

Mungu akupe mikono mizuri, mwanangu, na kinywa kinachoweza kusema "nimeharibu" kabla hujaulizwa mara ya pili. Na kila utakayembeba ashuke kwa miguu yake mwenyewe, akushukuru, aende zake.