Kigumu Hasikii la Mtu

Kitenge kipya ambacho hakijaguswa na maji kina harufu yake: nta, mafuta ya taa kidogo, na kitu kikali kinachopanda puani na kukaa huko. Nyumba ya shangazi yangu kule Muyinga ilinuka hivyo kuanzia mlangoni hadi mvunguni, kwa sababu aliuza vitenge, na stoo yake ilikuwa chumba kilekile alichonilaza. Nililala katikati ya marobota. Nikiamka, nguo zangu, nywele zangu, hata chapati ya asubuhi, vyote vilinuka duka. Wanawake wengi wanaipenda harufu hiyo. Mimi nikiisikia sokoni hapa Gitega, mpaka leo, nakunja uso na kujiandaa kubishana, hata kama hakuna aliyenichokoza.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Baba yangu, fundi cherehani katika mtaa wa Waswahili hapa Gitega, alinipandisha basi dogo linalopitia Karuzi mara tu shule zilipofungwa, akaniambia nakwenda kumsalimia dada yake, Shangazi Hadija, likizo nzima. Shangazi hakujaliwa mtoto. Kwetu tulikuwa wasichana sita, mimi wa tatu. Nilibeba mkoba ambao mama aliupanga mwenyewe bila kuniruhusu niuguse, na mfukoni mwa sketi nilikuwa na mashine ndogo ya mchezo ambayo mjomba, dereva wa lori, aliiokota kwenye mitumba Dar es Salaam. Kioo kilikuwa na mikwaruzo, na kifuniko cha betri kilishikiliwa na lastiki ya kushonea sketi, lakini iliwaka.

Katika mchezo ule unakamata viumbe porini, unawalea, unawashindanisha na viumbe wa watu wengine, na kila ukishinda mji mmoja unapewa medali. Watoto waliokuja kunichungulia begani walitaka nichukue kiumbe anayetema moto au yule joka wa majini. Mimi nilimchukua mpiganaji: mfupi, mwenye kipara, mabega mapana kama mlango, ngumi zimezungushiwa vitambaa, mkanda kiunoni. Hakutema kitu, hakuruka, hakupotea kama moshi. Alikuwa na mikono yake tu. Nikampa jina la Kigumu. Binamu zangu walicheka mpaka wakakaa chini: msichana na ngumi, wapi na wapi? Niliwaambia wabaki na moto wao. Kwa miezi mingi Kigumu alipigwa na kila kiumbe aliyepita, na kila mara nilimponya nikamrudisha uwanjani, mpaka siku moja akaacha kupigwa. Nilipofika Muyinga tulikuwa na medali saba.

Siku ya tatu kwa shangazi nilitafuta sweta, maana jioni za Muyinga kiangazi zina baridi ya kung'ata, nikaumwaga mkoba wote kitandani. Chini kabisa nikakuta sare yangu ya shule, imepigwa pasi, na ripoti zangu zote tangu darasa la kwanza zimefungwa kwa uzi. Nani anakwenda likizo na ripoti za shule? Nikatoka nazo mkononi. Shangazi alikuwa barazani na jirani yake Mkongo, Mama Espe, muuza ndagala, wale dagaa wakavu wa ziwani, mwenyeji wa Uvira. Nikamsikia shangazi akisema, kwa sauti ya mtu aliyeshiba, "Huyu iko wangu sasa. Mdogo wangu alinipa. Shule ikifunguka ataingia hapahapa." Mama Espe akampongeza. Niseme ukweli, jambo lenyewe halikuwa geni. Kwetu kaka kumpa dada yake mtoto wa kulea ni heshima, ni upendo, na watoto wengi wamelelewa hivyo wakanenepa. Nililijua hilo hata wakati ule. Kilichonichoma ni kwamba jambo lilijulikana na wote, mpaka muuza ndagala, isipokuwa mimi.

Nilikwenda uani nikawasha mashine, kwa sababu Kigumu peke yake ndiye aliyekuwa wangu katika mji ule. Espe, binti wa Mama Espe, alikuwa na mashine kama yangu na waya wa kuziunganisha. Alinizidi miaka miwili na alijua siri moja: kiumbe kama Kigumu hafikii umbo lake la mwisho kwa kupigana tu. Ni lazima apitishwe kwenye waya, apewe mtu mwingine. "Lete tuunge," akaniambia. "We unanipa, anabadilika, mi nakurudishia. Dakika mbili tu, walai." Nikampa. Kwake Kigumu alitetemeka, akang'aa, akarefuka mpaka kichwa kikagusa ukingo wa kioo. Alikuwa mzuri, jamani. Nikanyoosha mkono. Espe akachomoa waya. "Mi sirudishe. We ulinipa mwenyewe. Iko yangu sasa."

Nililia kilio ambacho hata sasa sioni aibu nacho. Nilikwenda dukani kwa shangazi nikamweleza, nikijua watu wazima huamua mambo kama hayo kwa dakika moja. Akapima kitenge cha mteja mpaka mwisho, akakikata, ndipo akaniuliza, "Ulimpa kwa mkono wako?" Nikasema ndiyo. "Basi iko yake. Mtu hatoi kitu akarudi kukidai." Halafu akanitazama, akatazama mkasi, akaniambia nikanawe uso. Nadhani aliyasikia maneno yake mwenyewe. Sijui, hatujawahi kulizungumza.

Sasa ndipo ninapotaka kufika. Espe alikuwa na medali mbili tu. Katika mchezo ule, kiumbe hodari aliyelelewa na mtu mwingine hamtii bwana mpya asiye na medali za kutosha. Espe hakujua, na mimi pia sikujua. Kesho yake alimwingiza Kigumu vitani mbele ya watoto wote wa uani, akamwamuru apige. Kigumu akageuza uso. Akamwamuru tena. Kigumu akalala, uwanjani, adui amesimama mbele yake. Mara ya tatu akatazama tu pembeni kama mtu anayesubiri basi. Watoto wakaangua kicheko. Espe akamkimbilia mzee wa mchezoni anayebadilisha majina ya viumbe, ili walau jina liwe lake. Mzee akakataa, akasema jina hilo hubadilishwa na aliyelitoa tu. Nilikuwa nimekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, macho bado yamevimba kwa kilio cha jana, na kifua kikajaa furaha ambayo sikuwahi kuisikia. Kigumu hakumpiga mtu. Hakutoroka. Alikataa tu.

Kesho yake shangazi aliponiamsha kwenda kukunja vitenge na kuniambia, kwa upole kabisa, "Kuanzia leo uniite mama," nikamjibu, "Shangazi, sitaki." Nikakaa juu ya robota. Sikutukana, sikuvunja kitu. Nilisali naye, nilikula maharage yake, nilimwamkia asubuhi na jioni. Lakini vitenge sikukunja, maji sikuteka, na mama sikumwita. Jumatano alinipeleka gulio la Gashoho akidhani mbele za watu nitaona haya. Nikakaa pembeni ya meza mikono mapajani, wateja wananipita. Mwanamke mmoja akauliza kama ninaumwa. "Haumwi," shangazi akasema, "iko na kichwa ngumu." Alinitishia fimbo, hakunipiga. Alinipikia pilau, nikala, nikarudi kwenye robota langu. Msinielewe vibaya: usiku niliogopa, na nilimwonea huruma, maana mikono yake ilichoka na alikuwa mwema kwangu. Lakini sikuinuka.

Espe alivumilia siku nne. Alikuja uani na waya, akautupa mapajani mwangu. "Twaa kinyama chako. Haisikiye mtu. Mko sawasawa." Kigumu akavuka, mrefu vilevile, na amri ya kwanza niliyompa akaitekeleza kabla sijaondoa kidole. Shangazi alivumilia siku kumi na moja. Siku ya kumi na moja akampigia baba, akanipa simu. Baba alikuwa amekasirika. "Mwajuma, mimi ni baba yako, na nimeshasema." Nikasema, "Baba, mlimwambia hata jirani. Mimi hamkuniuliza." Shangazi akaichukua simu taratibu mkononi mwangu. "Mdogo wangu," akamwambia, "mtoto nitamrudisha mwenyewe Ijumaa." Ndani ya basi, tulipokaribia Karuzi, akaniuliza bila kunitazama, "Na ningekuuliza?" Nikafikiria kuhusu pilau, na baridi ile nzuri, na Espe ambaye tulikuwa tumeshapatana naye. Nikasema, "Labda ningekubali." Akageukia dirishani, akatazama nje mpaka Gitega.

Nyumbani nilipewa jina la mkaidi, na jina limenikaa. Hata harusini kwangu mtu alisimama akalitaja. Silikatai. Nimeona watoto wa leo wenye simu za kugusa kioo, wanabonyeza viumbe wa kila rangi, na wazazi wao wananiambia siku hizi watoto wanasikilizwa sana, wameharibika. Wanasikilizwa na nani? Mwaka jana wifi yangu wa Giheta, ambaye naye hakujaliwa mtoto, alikuja na wazee kumwomba binti yetu wa miaka tisa, Aziza. Mume wangu alikuwa ameshainama kukubali. Nikasema mwiteni mwenyewe aulizwe. Mzee mmoja akacheka, mwingine akasema tangu lini. Nikasema tangu leo, na chai haitamiminwa mpaka aulizwe. Wakamwita. Aziza akaja, mikono ina unga, wifi yangu akamuuliza kwa mdomo wake mwenyewe kama anataka kwenda kuishi naye Giheta. Nilikuwa nimejiandaa kwa jibu moja tu. Mtoto akatutazama mmoja mmoja, akanitazama mimi mwisho, akasema, "Ndiyo, nataka."

Nilimimina chai. Nyingine nikaimwaga mezani, nikaifuta, nikaendelea kumimina.