Kibuyu Alicholala Nacho Wegesa

Harufu ndiyo iliyonikamata kwanza: moshi wa kuni uliogandia ndani ya kibuyu cha maziwa. Tulikuwa Nairobi, mimi na mdogo wangu Wegesa, tumetoka Musoma kwenda harusini, na kabla ya kurudi tukasema tuzunguke soko la vitu vya watalii. Vinyago vilikuwa vingi kuliko watu wote wa Mara ukijumlisha na ng'ombe wao. Twiga wa mbao peke yao wangejaza mbuga. Wegesa akainua kibuyu kimoja cheusi, akanusa, akakunja uso. "Dada, hivi watu walikuwaga wananywea humu kweli? Si bora ulambe jiko!" Muuzaji akadakia, "Madam, hicho ni cha ukweli, kimetumika!" Tukacheka wote watatu. Mimi nilicheka kwa sauti kuliko wao, maana bila hivyo ningelia mbele za watu.

Mwaka mama alipofariki nilikuwa na miaka tisa, Wegesa hata mitatu hajafikisha. Tulikaa kijijini, upande wa Butiama, na ulikuwa msimu wa kuchuma pamba, kwa hiyo baba alishinda shambani na nyumba ikabaki mikononi mwangu. Mama alikuwa na kibuyu chake, akikifukiza kwa kijinga cha moto kila asubuhi kabla ya kutia maziwa, na ile harufu ilimwingia kwenye kanga, kwenye nywele, kwenye viganja. Alipozikwa, Wegesa alikitwaa. Alikinywea maziwa, alilala nacho, mdomo wa kibuyu puani, na akinyang'anywa alipiga kelele za kusikika Bunda. Nyie, mtoto yule alikuwa na mapafu! Mimi nilikuwaga (mwalimu wangu wa Kiswahili wa masomo ya jioni anisamehe) nachoka sana kukiosha.

Siku moja akaja mchuuzi na baiskeli iliyobeba plastiki mpaka yeye haonekani. Alikuwa akibadilisha vyombo vipya kwa vibuyu vya zamani. Watalii wanavitaka, alisema, hasa vyeusi. Akanitolea jagi jekundu lenye mfuniko. Jagi lile liling'aa hata jua likaona aibu. "Mama yupo?" akauliza. "Mama wa hapa ni mimi," nikamjibu, kichwa juu. Wegesa alikuwa amelala. Nikakichomoa kibuyu taratibu kifuani pake, nikajisifu moyoni kwamba nimefanya jambo la mtu mzima.

Alipoamka alikitafuta chini ya kitanda, zizini, hadi ndani ya magunia ya pamba. Nikammiminia maziwa kwenye jagi, akanusa, akalisukuma. Siku ya tatu baba alimpakata akambembeleza, "Kunywa, mama, kunywa kidogo tu," naye akafunga mdomo, akawa anamtazama. Baba hakunipiga. Aliniuliza tu mchuuzi alielekea wapi, akapanda baiskeli mpaka Bunda, akarudi jioni mikono mitupu. Hatukulizungumza tena.

Leo Wegesa anauza dagaa sokoni Mwigobero, hapo Musoma, ana watoto wawili na friji imejaa maziwa ya paketi. Wanawe wanayanywa kama ndama. Yeye ni chai ya rangi, miaka yote. Juzi nilikuwa kwake, jirani akamuuliza kwa nini. "Nilizaliwa hivyo," akasema akicheka. "Muulize dada, maziwa sijawahi kuyapenda hata utotoni." Jirani akanigeukia. Nikasema ni kweli.