Neno Lililolegeza Mnyororo wa Baba

Wenzangu mliokulia Gisenyi miaka ile ya hamsini mtanielewa nikisema kwamba utoto wetu uliliwa na subira ya wazazi. Sisi wa mtaa wa Waislamu tuliijua Jumamosi kwa harufu ya mandazi na kelele za watoto wakiteremka ziwani. Watoto wengine waliruka kamba mchangani na kuoga Kivu mpaka meno yakagongana. Mimi nilikuwa uani, miguu imekufa ganzi, namsomea baba kitabu cha msumeno.

Baba alikuwa mpasua mbao. Gogo liliwekwa juu ya shimo, yeye akasimama juu, na mdogo wake, baba mdogo Hamisi, akaingia chini, wakavutana msumeno mrefu kutwa nzima. Baba alipata jua. Hamisi alipata vumbi la mbao. Liliingia puani, masikioni, mpaka kwenye chai yake. Kwa hiyo baba alipobadilishana mbao na mwenye shamba mmoja Mzungu aliyekuwa anarudi kwao, akaleta kasha lenye msumeno wa petroli, Hamisi ndiye aliyefurahi kuliko sote. Alidhani kesho yake angekuwa ametoka shimoni.

Hakumjua kaka yake vizuri. Ndani ya kasha mlikuwa na injini, upanga mrefu wa chuma, mnyororo wenye meno, spana moja, na kitabu cha Kifaransa. Baba hakujua Kifaransa. Mimi nilikuwa shule kwa masista, darasa la tano, na nyumba nzima iliamini nimekimaliza.

"Zaina, kuja na kitabu," baba alisema kila nikitoka shule. Alitandika mkeka wa mama, akapanga kila kipande kwa mstari, kisha nikasoma. Upanga unakaa hapa. Mnyororo unapita kwenye mfereji wake, na meno ya juu yanatazama mbele. Nati zisikazwe mpaka mwisho kabla ya mnyororo kurekebishwa. Akifunga, anafungua, ananiambia nianze upya. Wiki ikaisha hivyo. Mama alikuwa anahesabu madoa ya grisi kwenye mkeka wake, akasema kama mashine ni mgeni basi apewe kitanda.

Hamisi naye alichoka. "Kaka, ile mashine si bibi arusi. Ya nini tunaifungia ndani?"

"Bibi arusi hakati mutu muguu," baba akamjibu, akanigeukia. "Soma."

Basi ilikuwa Jumamosi ya pili. Nilisikia wenzangu wakipita kwenda ziwani, wakiniita. Kitabu kilisema: *tendre la chaîne*. Neno hilo nililijua. Sista alikuwa ametufundisha kwamba nyama ikiiva vizuri ni *tendre*, yaani laini. Nikamwambia baba mnyororo uwe laini.

Baba akaushika, akautazama. "Chuma kinakuwa laini namna gani?"

Hapo ningeweza kusema sijui. Kamusi ilikuwepo shuleni, na Jumatatu haikuwa mbali. Lakini sauti za wenzangu zilikuwa zinapotelea kichochoroni. "Ulegezwe, baba," nikasema. "Ndivyo ilivyoandikwa."

Akaulegeza mpaka ukaning'inia chini ya upanga kama mkufu. Uso wake haukuridhika, ila alikiamini kitabu, na zaidi aliniamini mimi.

Alasiri tukaenda kwenye uwanja wake wa magogo. Hata pale alituudhi. Alichanganya petroli na oili taratibu, akajaza, akafuta kila tone kwa kitambaa, kisha akaibeba mashine hatua thelathini kutoka kwenye dumu la petroli. Akatufukuza sote mbali, akabaki na Hamisi tu. Akamfunga Hamisi kipande cha ngozi ya ng'ombe pajani, kwa kamba, na Hamisi akalalamika kwamba ananuka kama bucha. Baba akaweka mashine chini, akaikanyaga kwa mguu, akahakikisha upanga haugusi kitu, akavuta kamba. Mara ya tano ikanguruma. Ndege wote wa kwenye mikaratusi wakaruka.

Hamisi alikuwa ameomba awe wa kwanza kukata, na baba alikuwa amemkubalia kwa ajili ya miaka yote ya shimoni. Upanga uligusa gogo, vumbi likaruka, Hamisi akacheka. Kisha mnyororo ukachomoka. Ulimchapa pajani, akaanguka na kukaa chini. Baba alirukia mashine akaizima.

Ngozi ilichanika yote. Chini yake palikuwa na jeraha la urefu wa kidole, damu inatoka. Hamisi aliifungua ile ngozi yenye harufu ya bucha, akaikunja taratibu kama kanzu ya Idi.

Usiku sikula. Baba aliamini amekosea kufunga. Jumapili yote alikaa mkekani akirudia kila nati, akijilaumu. Jumatatu nikafungua kamusi ya sista. *Tendre*, kumbe, ni pia kuvuta kitu mpaka kikaze. Nilirudi nyumbani nikilia njia nzima, nikamwambia mbele ya Hamisi.

Nilingoja kofi. Baba aliniuliza tu, "Ulikuwa hujui, ama ulikuwa umechoka?"

"Vyote, baba. Nilitaka kwenda ziwani."

"Mutu hajui, anauliza. Mutu amechoka, anasema nimechoka, tunaacha mpaka kesho. Mashine yenyewe haitakuuliza kama hujui ama umechoka."

Hamisi akasema, "Bon, mi nimepona. Mupe mutoto chai." Lakini baba alinikalisha kwanza. Alikaza mnyororo, akauvuta kwa kitambaa mkononi: unatembea, hauning'inii. Akanipa nami niuvute, nijue kwa vidole neno lile maana yake nini. Wiki ile Hamisi alichechemea mpaka kwenye magogo, akakata, na shimo likaanza kuota majani.

Siku hizi vijana wa mtaani wananunua msumeno asubuhi, na saa nne tayari wako juu ya mti, kandambili miguuni, simu shingoni. Kitabu kinafungiwa sambusa. Ukiwaambia wakague mnyororo, wanakwambia bibi, mambo yamebadilika. Mmoja wao, kijana mzuri, mwenye heshima zake, hunipungia mkono kila akipita mlangoni kwangu, na mimi hujilazimisha nisitazame pale ambapo vidole viwili havipo. Baba alikata miti mpaka macho yakamkataa. Alituchosha, alituharibia Jumamosi zetu, alimzeesha mama kwa ajili ya mkeka. Tulimzika na vidole vyake kumi.