Saa Tano kutoka Dubai

Siku yangu ya kwanza katika kazi ya kuwapangia marubani safari, kwenye uwanja mdogo wa ndege wa Kasese, mkuu wa uwanja alinipa ramani, rula na penseli. Alikuwa mwanajeshi mstaafu, nasi tulimwita afande.

"Pima mpaka Entebbe," aliniamuru.

Nikasema ni mbali.

"Mbali ni neno ya abiria. Wewe nipe maili na dakika."

Basi nikajifunza. Tulipima kwa maili za baharini, ambazo marubani hutumia hata juu ya milima, tukagawa kwa mwendo wa ndege, kisha tukahesabu upepo: wa nyuma hupunguza muda, wa mbele huuongeza.

Baadaye nilihamishiwa Entebbe, kwenye safari ndefu. Mkuu wa zamu, mama mkali, alisoma kila karatasi yangu. "Bwambale, rubani anapakia mafuta kwa hesabu yako. Ukikosea, huko juu hakuna pa kusimama." Sikukosea mpaka nilipostaafu na kurudi nyumbani Rukoki, karibu na Kasese.

Mwaka uliofuata dada yangu Masika alikuja kutoka Bwera. Binti yake, Kabugho, alikuwa mfanyakazi wa nyumbani Dubai.

"Mutoto iko mugonjwa sana," alisema. "Anataka kurudi. Ndege inatumia siku ngapi?"

Nikamjibu kwa fahari ya kazi yangu. "Si siku, dada. Ni saa tano tu."

"Saa tano? Basi hata kesho anaweza kufika."

Alirudi Bwera akatandika kitanda, akawaambia majirani. Lakini tajiri wa Kabugho alikuwa ameshika pasipoti yake, na bila ruhusa yake hakuweza kuondoka. Nilikwenda ofisi moja baada ya nyingine Kampala. Kila mahali niliambiwa nisubiri. Masika alipiga simu kila asubuhi.

"Bwambale, ile saa tano bado?"

Wiki ya saba Kabugho alifariki. Ndipo karatasi zikapatikana upesi. Nilikwenda Entebbe kuupokea mwili. Ndege ilitua dakika nne kabla ya wakati wake, kwa upepo wa nyuma. Vijana niliowafundisha kazi walinisalimu kwa heshima, nami sikuweza kuwatazama.

Siku hizi wasichana wa Bwera hunijia wakiwa na fomu za safari, wakiniuliza miji ya Uarabuni iko umbali gani. Ninawaambia kwanza habari za pasipoti. Wananisikiliza kwa adabu, kisha wanauliza tena, "Lakini mzee, kwa ndege ni saa ngapi?" Ninawajibu, kwa sababu ndicho ninachokijua, nao wanaondoka wamefurahi.

Masika huja Rukoki kila Krismasi. Tunakula pamoja, tunazungumza juu ya mahindi na kahawa. Tangu mazishi yale hajaniuliza swali lolote.