Sumu ya Mihogo na Miguu ya Masika

Nakumbuka msimu ule tuliporudi mashambani, upande wa Eringeti, baada ya kukimbia vita. Nguruwe wa pori walikuwa wamefukua mihogo mitamu yote, bila kutuachia hata mzizi. Ile michungu ilisimama vile vile. Jana, mwanangu, ulinisomea katika kitabu chako cha biolojia habari za matumbawe laini ya baharini: hayana gamba gumu la kujifichia, lakini samaki akiyauma anatema, kwa sababu yana sumu yaliyojitengenezea yenyewe. Mimi bahari sijaiona. Ila mmea unaojilinda kwa uchungu naujua, na hasira niliyoipata siku zile haijaniisha.

Michungu hiyo ndiyo tuliyokula. Mama mukubwa Kavira, dada ya mama yangu, alitufundisha: menya, loweka mpaka ilainike na kunuka, kisha anika juani. Ni kazi ya siku nyingi, na haipunguzwi.

Ndipo akaja Paluku, mchuuzi wa Butembo, na kamioni yake. Barabara imefunguka, akasema, kesho huenda ikafungwa. Tuitoe mihogo majini upesi, anunue. Mama mukubwa akakataa, akamwambia sumu bado haijatoka. Rafiki yangu Masika, mjane mwenye watoto wa kulisha, akakubali, maana Paluku alimhakikishia kwamba jua litamaliza kazi. Paluku akapakia mingi. Iliyobaki Masika akaila nyumbani, kila siku bugali na sombe, majani ya mihogo hiyo hiyo. Maharagi kidogo aliyoyapata aliwapa watoto.

Asubuhi moja akataka kusimama, miguu ikamkakamaa kama kuni. Muuguzi wa Beni alisema ni sumu ya mihogo isiyolowekwa vya kutosha, inayomkamata anayeila bila maharagi wala nyama, na kwamba miguu hiyo hairudi tena.

Watu wakanong'ona: asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Methali hiyo niliichukia siku ile. Asiyesikia alikuwa Paluku. Guu lililovunjika lilikuwa la Masika.

Msimu uliofuata Paluku akarudi, na haraka yake ile ile. Mama mukubwa akamshika mkono, akampeleka mpaka mlangoni pa Masika, aliyekuwa anatembea kwa fimbo mbili. Paluku akatazama chini, akasema yeye hakumlazimisha mtu.

"Hukumulazimisha," Mama mukubwa akamjibu. "Ulimudanganya. Nguruwe anakupita akili: ye anasikia uchungu, anaacha. Weye ulijua, ukapakia."

Masika akamwonyesha kigoda, akasema polepole, "Donc ikala, Paluku. Tukupikie bugali ya mihogo kama ile. Ukule."

Hakukaa. Wanawake wote wa kilima chetu wakakataa kumwuzia, na kamioni ikaondoka tupu. Nilifurahi, lakini furaha hiyo haikumsimamisha Masika.

Sikia basi, mwanangu. Anayekuharakisha kwa faida yake, muogope kuliko sumu. Uchungu wa mhogo unamwonya kila anayeuuma. Mtu wa hila anauficha wake chini ya maneno matamu. Loweka mpaka mwisho, hata barabara ikifungwa. Ukimwona mwenzako anadanganywa, usinyamaze ukaita kunyamaza huko heshima. Padri ameniambia nimsamehe Paluku. Bado najaribu.

Mungu akulindie miguu yako, akupe ulimi usioogopa, na chakula cha sufuria yako kisimdhuru yeyote.