Korneti ya Kaka Othman

Sikuota, wala sikuwa na homa. Ilikuwa alasiri, jua bado kali, nami nimekaa dukani kwangu Ng'ambo ninakotengeneza ala za kupuliza. Niamini, maana mke wangu mpaka leo ananitazama kwa huruma tu.

Kaka yangu Othman alipiga korneti, tarumbeta fupi, harusini miaka mingi. Ilikuwa ya zamani, ya mafundi waliojua kazi: vifungo vitatu vya lulu juu ya pistoni, na kando yake kizungusho kidogo cha kushusha sauti. Za siku hizi hazina. Aliniletea niitengeneze, pistoni ya tatu imekwama. Nikamwambia njoo kesho. Kila akija, spea haijafika. Wateja kwanza, nilijisemea, ndugu atanielewa. Ikapita miezi saba. Akaugua ghafla, akafa, na korneti iko rafuni kwangu imejaa vumbi.

Baada ya arubaini niliishusha. Unajua ilikuwa na nini? Uchafu tu. Niliisafisha kwa robo saa, nikaitia mafuta, pistoni ikateleza. Nililia kama mtoto.

Siku ya pili yake akaingia mzee nisiyemjua.

"Shikamoo," nikamwambia.

"Marahaba. Fundi, hebu niione hiyo."

Nikampa. Bila ya kuangalia, akageuza kile kizungusho, akabonyeza pistoni ya tatu mara tatu, akapiga. Wallahi, ulikuwa wimbo ambao Othman akiwaingizia nao maharusi! Nywele zilinisimama. Akaupiga mpaka mwisho, kisha akanirudishia.

"Imepona," akasema. "Mbona mwenye nayo ulimchelewesha hivi?"

Nilikuwa na nafasi ya kusema kweli. Nani angenicheka? Lakini ulimi wangu ulishazoea.

"Spea, mzee wangu. Imefika juzi tu."

Akanitazama, machozi yakamlenga. "Haya, ndugu yangu," akasema, akatoka.

Sasa sikiliza. Korneti ina kitundu chini, chenye kifuniko cha springi, cha kumwagia maji ya pumzi. Mtu mwenye uhai akipiga wimbo mzima, maji lazima yatoke. Nikakifungua kwa mazoea. Halikutoka hata tone. Nikapitisha kitambaa ndani, kikarudi kikavu.

Nikakimbilia nje nikiita, "Kaka! Kaka!"

Jirani yangu muuza kahawa alikuwa mlangoni pake. "Wamwita nani? Mie nimekaa hapa, sijaona mtu kuingia wala kutoka. Korneti nimeisikia, nikadhani wapiga wewe."

Korneti ile sijaiuza. Kila alasiri naiweka mezani, mlango wazi, na jibu la kweli ninalo: nilikupuuza, kaka yangu, nisamehe. Wanaingia wateja tu. Nawe unayenisikiliza, kama kuna mtu wako umemweka akingoja, inuka sasa hivi ukamwambie kweli, angali na pumzi ya kukujibu.