Salamu ya Waliookoka

Jumamosi ile niliamka na wasiwasi. Dada yangu alikuwa amerudi nyumbani jana yake na mimba kubwa, bila mume, na alasiri hiyo akina mama wa kanisa walikuwa wanakuja kusali sebuleni kwetu Mchafukoge, ghorofa ya tatu. Mama ndiye kiongozi wao.

Mwanaume aliyempa dada mimba alihama chumba walichopanga, dada akiwa kazini, na simu yake haikupatikana tena. Mama aliposikia alilia, akasema njoo ujifungulie hapa. Alimtengea nafasi kabatini, akafua kanga zake za zamani za kumpokelea mtoto, akazianika kibarazani. Nikaamini yamekwisha. Lakini wageni waliposikika ngazini, nikamwona mama anakimbilia kibarazani kuzianua zile kanga zikiwa mbichi. Hapo nikaanza kuogopa hasa.

Waliookoka wana salamu yao. Ukiwa mwenzao unaambiwa "Bwana asifiwe", nawe unaitika "Amina". Asiye mwenzao anapewa salamu ya watu wote. Kwa hiyo hakuna anayekutangazia kwamba umeanguka dhambini. Unajulishwa kwa salamu.

Aliyetangulia kuingia alikuwa mzee wa kanisa, mama mwenye duka la vitenge Kariakoo. Alimwambia mama yangu Bwana asifiwe. Akaniambia na mimi Bwana asifiwe, mimi ninayesinzia kila mahubiri. Kisha akafika kwa dada, aliyeimba kwaya mbele yake tangu ana meno ya utoto.

"Hujambo?" akamwambia.

"Amina," dada akajibu.

Mazoea yana taabu. Mmoja akakohoa, mwingine akajishughulisha na mkoba wake. Dada akaangalia chini, shingo imemlowa jasho. Nilikuwa na hasira, nikatamani kukirudisha jikoni kile kikombe cha chai nilichomtengea yule mama.

Waliimba juu ya upendo, na sitasema uongo, waliimba vizuri. Kabla ya maombi, mzee wa kanisa akamgeukia mama kwa sauti ya upole, na upole ule ndio ulionitisha.

"Mama, wewe ndiye unayetuongoza. Wenye mabinti wote wanakutazama. Huyu anakaa hapa?"

Mama alitazama pazia. Mimi nilimtazama mama, nikaomba kimoyomoyo aseme ndiyo, aseme tu ndiyo, mengine tutayabeba.

"Amekuja kusalimia tu," mama akasema. "Anaondoka leo."

Wakafumba macho, wakamwombea safari njema.

Dada akainuka. Aliingia chumbani, akatoa nguo zake kabatini, akazirudisha kwenye begi. Nikalichukua mimi. Tulipopita sebuleni, mgeni mmoja alikunja miguu kutupisha, na mama akapandisha sauti ya maombi bila kufumbua macho. Sijui kama alituona. Nadhani alitusikia.

Chini, mtaa ulikuwa na shughuli zake, wasukuma mikokoteni wanaomba njia, wenye maduka wanaita wateja. Dada akaegemea nguzo ya baraza, mkono kiunoni, anahema.

"Sasa tunaenda wapi?" akaniuliza.

Nikatazama upande wa Kariakoo, nikatazama upande wa Feri. Nikalihamishia begi mkono wa pili, naye akaniuliza tena.